Msalaba wa Maana ya Tatu

Kwenye ile nyumba ya kamusi walikuwa na neno lao la kazi: kuzika. Mtu wa nje akilisikia angeweza kutoka mbio. Mmoja anasema, "Leo nimezika nne kabla ya chai," mwenzake anamjibu, "Afadhali wewe, mimi tangu asubuhi nina maiti moja na haitaki kulala." Kumbe hakuna jeneza wala kaburi. Maana ya neno ikiwa haisemwi tena na mtu yeyote aliye hai, mhariri huiwekea mbele yake msalaba mdogo, mdogo kama mguu wa sisimizi, ili msomaji ajue kwamba hii ilikuwepo na imekwenda zake. Basi. Ni kazi ya nusu dakika, ndiyo maana watu huifanya huku wanatafuna karanga.

Mle ndani waliitana kwa herufi zao. Kulikuwa na Bwana M, ambaye herufi yake haina mwisho. Aliingia humo na nywele nyeusi, na sasa hana nywele kabisa. Kulikuwa na mkubwa wao, Mhariri Mkuu, waliyemwita Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Na kulikuwa na huyu wetu, Bi Che, mwenye herufi CH, mjane wa miaka hamsini kasoro, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado kila siku anauliza miwani yake iko wapi.

Siku ya Jumatatu mchana, karanga mdomoni, Bi Che alimzika shangazi yake.

Tuseme ukweli, hakujua. Mbele yake palikuwa na neno chanja, mama wa chanjo, na maana zake zimepangwa kwa umri. Ya kwanza: pasua kuni. Ya pili: kata ngozi vijikato vyembamba ili kutia dawa. Ya tatu: kwaruza au dungadunga mkono wa mtu na kutia dawa ya kumkinga na ndui. Ya nne, hii ya leo ya kila mtu: pa mtu kinga ya ugonjwa, iwe kwa sindano au kwa matone. Ukizisoma kwa mfuatano unaliona neno linavyotembea. Limetoka kwenye shoka, likapita kwenye wembe, likafika kwenye sindano, na mwisho limeingia kwenye tone linalodondoshwa mdomoni mwa mtoto, mahali ambapo hakuna kilichokatwa hata kidogo. Bi Che aliwahi kumuuliza shangazi yake mbona matone nayo yanaitwa chanjo. "Wembe uliondoka, jina likabaki," shangazi akamjibu, "kama mume mlevi anavyoondoka akasahau kofia."

Basi Bi Che akaitazama ile ya tatu. Ndui ilishatokomezwa dunia nzima. Hakuna mgonjwa, hakuna foleni, hakuna muuguzi anayeishika hiyo dawa. Akaweka msalaba. Saa tisa akaukunja ukurasa, akaenda nao nyumbani, maana maneno yote ya hospitali yalikuwa lazima yapite mikononi mwa shangazi kabla ya kurasa kwenda kiwandani kuchapwa, Ijumaa saa sita mchana.

Na huyo shangazi si shangazi wa kuja kusalimia na kuondoka. Bi Che alifiwa na mama akiwa bado anatambaa, baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa, haonekani nyumbani, na dada wa baba ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamchapa, akamsomesha. Sasa alikuwa na miaka themanini kasoro mmoja. Magoti yaligoma, ulimi haukugoma. Wote wawili walikaa nyumba moja ya vyumba vitatu, na mabishano yao juu ya redio majirani waliyajua kwa moyo.

Zamani, kabla hajawa muuguzi wa kliniki, shangazi alikuwa mchanjaji wa ndui. Miaka kumi na mmoja alichanja mbuga kwa miguu na kwa baiskeli, kisanduku cha bati begani. Sindano yake ilikuwa na meno mawili madogo. Unaichovya kwenye dawa, unaubana mkono wa mtu, unadunga mara kumi na tano upesi upesi mahali pamoja, mpaka kitone cha damu kichungulie. Alikuwa akihesabu kwa sauti, watoto wakihesabu naye, mpaka watu wakamwita Mama Kumi na Tano. Baada ya wiki anarudi kutazama kama pele limeota, na lisipoota anaanza upya.

Hayo yote Bi Che aliyajua. Tatizo ni kwamba aliyajua tangu utotoni, na kitu ulichokijua tangu utotoni hukitazami tena. Yule wa kisanduku cha bati alikuwa hadithi za jioni. Shangazi wa kweli, kwake yeye, alikuwa muuguzi aliyestaafu mwenye kioo cha kukuzia maandishi. Ndiyo makosa ya watu wa kamusi hayo. Wanatafuta watu wa kuwauliza maneno mji mzima, wanamsahau aliyewapakulia chakula.

Shangazi aliweka kioo juu ya ukurasa, akasoma mdomo unachezacheza. Alipofika ile ya tatu akakomea hapo.

"Hiki kimsalaba cha nini?"

"Alama tu, shangazi. Hiyo maana imekufa."

"Imekufa lini?"

"Leo mchana," Bi Che akasema, bado anacheka.

"Aliyekuambia imekufa ni nani?"

"Si hakuna anayeisema tena."

Shangazi akanyanyua kichwa. Alimtazama mtoto aliyemlea kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila hodi. "Mimi siisemi?"

Hapo kicheko kikamkauka Bi Che.

"Miaka kumi na mmoja," shangazi akasema taratibu, na yeye akisema taratibu ujue mambo yameharibika. "Vidole hivi vilikuwa havifungiki ngumi jioni. Leo mtoto niliyemtawaza mwenyewe ananiwekea msalaba. Basi usichoke, niwekee na hapa." Akagonga paji la uso wake kwa kidole, akasukuma ukurasa, akainuka kwa kushika meza, akaingia chumbani kwake.

Tangu hapo nyumba ikawa kimya kama maji ya mtungini. Bi Che akisema "Shikamoo", anajibiwa "Marahaba", kwa sababu mtu hanyimwi salamu, na baada ya marahaba, ng'o. Shangazi aliongea na redio. Aliongea na sufuria. Jumanne asubuhi alimwambia mfagio, kwa sauti ya kutosha kusikika vyumba vyote vitatu, kwamba kuna watu wamesoma mpaka wamepitiliza. Bi Che aliumia jamani. Shangazi wa miaka themanini kasoro mmoja si mtu wa kununiana naye. Huna uhakika kama utapata siku ya kupatana. Akaapa huo msalaba utatoka kabla ya Ijumaa saa sita, liwalo na liwe.

Akaenda kwa Nukta.

"Unataka kufufua," Nukta akasema, hata hakuinua macho.

"Nataka kufufua."

"Sheria unaijua. Sentensi moja, kutoka kwa mtu aliye hai, asiye ndugu yako, umeisikia kwa masikio yako. Na isiwe ya kuombwa. Ukimwomba mtu neno atakupa hata asilokuwa nalo, ili akuridhishe. Hapana kuuliza, hapana kudokeza. Kaa, usikie, andika kadi."

"Kwa siku tatu?"

"Bwana M alikaa wiki sita sokoni akisubiri neno moja."

"Alilipata?"

"Alipata malaria," Nukta akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Pa kusikiliza palikuwa mahali pamoja tu: kliniki ya watoto, jengo la rangi ya maziwa na madirisha ya wavu, ambako shangazi mwenyewe alimalizia utumishi wake. Jumatano asubuhi na mapema Bi Che akakaa kwenye benchi refu la nje, kati ya akina mama na vichanga vyao, mkoba mapajani, kadi tupu ndani ya mkoba. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na mjukuu. Kila muuguzi aliyepita alimuuliza, "Wewe mama, una shida gani?" naye akajibu, "Nasubiri," jibu ambalo halimridhishi mtu.

Alisikia mengi siku hiyo. Alisikia ya wakwe, ya mawifi, ya kichanga anayelala mchana na kuamka usiku kama mlinzi. Chanjo ilisemwa mara arobaini na moja, alihesabu, na zote zilikuwa za maana ya nne: "Huyu keshachanjwa ya surua," "Wangu leo anapata ya matone." Saa nne akaja bibi mmoja mwenye kovu la duara mkononi, kovu lenyewe la kuchanjwa ndui, halina ubishi! Bi Che akatoa kadi, akasubiri. Yule bibi akajikuna hapo hapo palipo na kovu, akavuta pumzi, akasema, "Mbu wa hapa ni wakali," akanyamaza mpaka alipoitwa ndani. Bi Che alitaka kulia.

Alhamisi akarudi benchi lile lile, mahali pale pale. Asichojua ni kwamba habari zilishamtangulia. Mjane, miaka hamsini kasoro, siku ya pili anakaa kliniki ya watoto, hana mtoto, hasemi shida yake, ameukumbatia mkoba tumboni. Wewe ungesemaje? Jirani mmoja alisema alivyosema, wa pili akaongeza chumvi, na ilipofika saa tatu habari ilishagonga dirisha la shangazi.

Saa tatu na nusu shangazi akaingia getini na bakora yake, kitambaa kichwani kimefungwa upande, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Magoti yaliyogoma miaka mitatu siku hiyo yalifanya kazi.

"Mtoto wewe!" Benchi zima likageuka. "Unaumwa? Sema! Una nini tumboni? Una mimba?"

"Shangazi!"

"Usiniambie shangazi! Nimekimbia njia nzima, sina pumzi. Kama ni ugonjwa tutatibu. Kama ni mimba tutalea, nililea mmoja sina maziwa, nitashindwa wa pili? Lakini uniambie mimi kwanza, nisiambiwe na watu dirishani!"

Bi Che hakujua acheke au alie, basi akafanya vyote. Akamkalisha, akainama kumfunga kamba ya kiatu, na pale chini akamweleza: msalaba, sheria ya Nukta, sentensi isiyoombwa, siku mbili za kusikia habari za mawifi. "Nilikukosea," akasema, "nataka kuutoa."

Shangazi akamtazama kisogo muda mrefu. "Yaani umekaa juu ya mbao hizi siku mbili kwa ajili yangu."

"Nakaa na ya tatu."

"Mjinga wewe," shangazi akasema, na sauti ilikuwa imelainika kabisa. Akamwekea Bi Che vizuri kitambaa chake cha kichwani kama alivyokuwa akimfanyia zamani.

Sasa, ile kelele ya mimba ilikuwa imewaamsha wote, na mwisho wa benchi alikuwepo mzee mmoja mnene, fundi saa, aliyemleta mjukuu wake mchanga kwa sababu mama yake yuko kazini. Huyo mzee alikuwa amekaza macho kwa shangazi tangu alipoingia. Akainuka, kichanga begani, akasogea.

"Samahani mama," akasema. "Sauti hii naijua. Wewe si Mama Kumi na Tano?"

Shangazi akakunja macho. "Nani anauliza?"

"Hunijui, nilikuwa mdogo hivi. Ulikuja shuleni kwetu na kisanduku. Nikapanda juu ya dari, ukanifuata huko huko juu!" Akamgeukia mama aliyekaa karibu, akapandisha mkono wa shati mpaka begani. "Unaona hili? Huyu mama ndiye aliyenichanja ndui, juu ya dari, na mpaka leo nipo."

Bi Che alikuwa ameshatoa kalamu. Mzee hakuulizwa, hakudokezwa, si ndugu, yu hai, na sauti yake ilisikika mpaka getini. Akaandika neno kwa neno, akaandika tarehe, akaandika "fundi saa, mwanamume, miaka sitini na kitu". Maana ya tatu ilikuwa imefufuka. Alitaka kumkumbatia mzee pamoja na kichanga chake.

Lakini yule mama mdogo aliyeonyeshwa kovu alikuwa analishangaa. "Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu?" akauliza. "Mbona kubwa hivyo?"

"Si la kifua kikuu, la ndui," mzee akasema.

"Ndui ndiyo nini?"

Mlangoni alikuwa amesimama mwanafunzi wa uuguzi, msichana wa miaka ishirini hivi, sare yake bado ina mikunjo ya dukani, anaita namba. Mama mdogo akamgeukia. "Dada, eti ndui ni ugonjwa gani?"

Yule msichana akafikiri. "Ndui, ndui... Ipo kwenye daftari. Ugonjwa wa zamani. Unatoa vipele, nadhani. Kwenye mtihani lilikuwa swali la maksi mbili." Akaona aibu kidogo. "Mimi nililiruka." Akaita namba kumi na saba.

Bi Che akageuka upesi kumtazama shangazi, roho juu. Alijua kinachokuja. Mtu aliyenuna siku tatu kwa kimsalaba cha sisimizi, leo anaambiwa mbele ya watu kwamba maisha yake ni swali la kuruka. Akamshika mkono tayari kumzuia na bakora.

Shangazi alikuwa anacheka.

Alianza kwa tumbo, kimya, mabega yanapanda na kushuka, halafu kicheko kikatoka chote, akalaza kichwa ukutani, machozi yanamtiririka. "Maksi mbili!" akasema. "Mwanangu, umesikia? Maksi mbili! Na kaliruka!" Akajaribu kunyamaza, akashindwa. Kichanga cha mzee kikaanza kucheka pia, bila kujua linalochekesha.

"Hujakasirika?" Bi Che akauliza.

Shangazi akajifuta kwa ncha ya kitambaa. "Kuna nyumba moja nilifika nimechelewa wiki. Baiskeli ilikatika mnyororo, mvua, sijui nini, nimechelewa tu. Walikuwa watu saba mle. Nikapiga hodi, akaniitikia mtoto mmoja. Nikamchanja huyo mmoja. Ikaota. Tangu siku ile, kila mkono nilioushika, hata wako wewe, mdogo kama hindi changa, nilikuwa naomba uwe wa mwisho. Nilikuwa naomba aje mtu asiyeujua ugonjwa ule hata kwa jina. Na amekuja, mwanangu. Yule pale, anaita namba."

Bi Che akauona mkono wa shangazi umenyooshwa mbele yake, kiganja juu.

"Hiyo kadi nipe."

"Shangazi! Nimeitafuta siku mbili!"

"Nipe. Ni maneno yangu, niliyatolea jasho juu ya dari. Kamusi yenu ina maneno mengi, haitakufa njaa." Akaipokea, akaisoma kwa mkono ulionyooka kwa sababu kioo alikisahau nyumbani, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya pochi, akafunga zipu. "Msalaba uacheni. Hakuna kitakachonifurahisha kuliko huo msalaba."

Ijumaa saa tano na nusu Nukta akasimama mezani kwa Bi Che. "Ulipata sentensi?"

"Nilipata."

"Haikuombwa?"

"Haikuombwa."

"Kadi iko wapi?"

"Nimenyang'anywa," Bi Che akasema, "na mwenyewe anasema msalaba ubaki." Akamsimulia yote, mpaka maksi mbili. Nukta akasikiliza akiwa amevua miwani. Bwana M naye, upande wa pili, alijifanya anapanga makaratasi. Ilipogonga saa sita Nukta akachukua ukurasa, akautazama ule mguu wa sisimizi karibu sana, akatia sahihi.

Bi Che alifika nyumbani akamkuta shangazi amekaa kitini, amevaa nguo nzuri kama mtu anayesubiri wageni. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ukurasa umekwenda?"

"Umekwenda."

"Na msalaba wake?"

"Na msalaba wake."

Miaka ishirini iliyopita kazini walimfanyia shangazi shughuli ya kustaafu, wakampa saa ya ukutani na hotuba mbili, na kesho yake aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, na kila siku tangu hapo. Mchana hajawahi kulala. Alisema usingizi wa mchana ni wa watu wenye homa na watoto. Sasa alivua viatu, kimoja kimoja, akavisukuma chini ya kiti.

"Haya," akasema. "Sasa nimestaafu."

Akaingia chumbani, akajinyoosha kitandani na nguo zake nzuri, akalala. Bi Che alisimama mlangoni akimsikiliza. Shangazi alikoroma mpaka saa kumi na moja jioni.